Kamshafti mpya: Dakika 30 za kwanza ndizo huamua uhai wa injini

INJINI ya mashindano iliyoundwa upya humgharimu mwenyewe akiba ya miaka kadhaa, na bado inaweza kuangamia kabla gari halijavuka lango la gereji. Silinda zimechongwa, pistoni na beringi ni mpya, kila nati imekazwa kwa kipimo chake. Stata inazungushwa, injini inakohoa na kuzima. Fundi anagusa kabureta, anajaribu tena, inazima tena. Baada ya robo saa ya mahangaiko hayo injini inanguruma na waliosimama kando wanapiga makofi. Kumbe katika robo saa hiyo kamshafti imekwisha kuliwa.

Kamshafti ni ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu za kuingizia hewa na petroli na zile za kutolea moshi. Katika injini ya mipigo minne, huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Makala haya yanahusu aina moja ya kamshafti, ile ambayo nundu zake husuguana moja kwa moja na tapeti zenye uso bapa. Ndiyo iliyotumika katika injini nyingi za Marekani, Uingereza na Ufaransa kwa miongo mingi. Ndiyo pia iliyo hatari zaidi siku ya kwanza.

Mfano bora ni injini ya Chevrolet yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ambayo mafundi wa Marekani huiita bloku ndogo. Ilitoka mwaka wa 1955 ikiwa na ujazo wa inchi za ujazo 265. Maarufu zaidi katika ukoo huo ni ile ya inchi 350, yaani lita 5.7. Kamshafti yake hukaa ndani ya bloku, juu ya kranki, ikiwa na nundu 16 na tapeti 16. Nundu husukuma tapeti, tapeti husukuma fimbo ndefu nyembamba, fimbo huinua roka, na roka hukandamiza valvu ikafunguka. Kuna injini nyingi zenye mpangilio wa namna hiyo ambazo zimewahi kupita katika barabara za Kenya: Land Rover za zamani, Range Rover za mwanzo zenye silinda nane, Peugeot 504 iliyobeba abiria wa safari ndefu kwa miaka mingi na kushinda Safari Rally mwaka wa 1975, pamoja na Ford Escort za kawaida.

Neno bapa, hata hivyo, linadanganya. Ukiziweka tapeti mbili mpya uso kwa uso na kuzimulika kwa tochi, utaona mwanga ukipenya ukingoni. Uso wake umebinuka kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho. Nundu nayo haikuchongwa sawasawa. Upande mmoja uko juu kuliko mwingine kwa takriban sehemu tatu hadi tano za mia za milimita. Zaidi ya hayo, kitovu cha tapeti hakikai katikati ya nundu bali kimesogezwa kando.

Mambo hayo matatu yamefanywa makusudi ili nundu inapopita chini ya tapeti iizungushe tapeti hiyo katika tundu lake. Tapeti inayozunguka haichakai mahali pamoja, nayo husambaza oili usoni mwake. Tapeti iliyogoma kuzunguka hugeuka kuwa kisu. Shinikizo mahali inapogusana na nundu hufikia maelfu ya kilo kwa kila sentimita mraba, na chuma kikavu hakiwezi kustahimili msuguano wa namna hiyo. Ncha ya nundu hulika kwa dakika chache tu, na ikishaanza haisimami.

Ndiyo sababu ya kuizoesha kamshafti mpya. Katika nusu saa ya kwanza kila nundu na tapeti yake husuguana taratibu hadi vijiwimbi vidogo vilivyoachwa na mashine ya kuchongea vikalainika. Dawa iliyo ndani ya oili hupata joto na shinikizo la kutosha, ikajenga utando mwembamba juu ya chuma. Kuanzia hapo vipande viwili hivyo huwa kama mume na mke, havitenganishwi. Tapeti iliyozoeshwa kwenye nundu moja isipelekwe kwenye nundu nyingine, na tapeti kuukuu zisiwekwe kamwe juu ya kamshafti mpya. Fundi anayekushauri uokoe pesa kwa kurudisha tapeti za zamani anakutafutia hasara. Ikiwa unaifungua injini nzuri ili uirudishe na kamshafti yake ileile, zipange tapeti kwenye ubao wenye namba ili kila moja irudi kwenye tundu lake.

Kazi yenyewe huanza siku kadhaa kabla ya kuwasha injini. Kwanza, kila tapeti ijaribiwe katika tundu lake. Inapaswa kushuka kwa uzito wake yenyewe na kuzunguka kwa kidole bila kukwama. Chembe ya uchafu au mkwaruzo mdogo mdomoni mwa tundu watosha kuizuia. Pili, nundu zote na nyuso za tapeti zipakwe uji mzito mweusi wenye molibdenamu, ambao aghalabu huuzwa pamoja na kamshafti. Uji huo usipakwe ubavuni mwa tapeti, kwa kuwa ni mzito na utaikwamisha. Ubavu hutaka oili ya kawaida tu. Beringi za kamshafti pia ni za oili.

Kabla ya kufunga manifoldi juu ya bonde lililo kati ya safu mbili za silinda, chora alama ya rangi juu ya kila tapeti, kisha mwenzako aizungushe kranki kwa spana huku ukitazama. Alama zote zinapaswa kuhama polepole. Isiyohama itafutiwe sababu hapo hapo, maana baadaye itakuwa imefichika chini ya manifoldi.

Linalofuata ni springi. Hapa ndipo injini ya mashindano inapoachana na ile ya kubebea viazi. Kamshafti ya mashindano huinua valvu juu zaidi na kwa kasi zaidi, kwa hiyo huhitaji springi kali, mara nyingi mbili kwa kila valvu, moja ndani ya nyingine. Kwa tapeti bapa, wajenzi wengi wa injini hawapendi mkazo wa springi upite pauni 300 hivi valvu inapofunguka kabisa, yaani takriban kilo 136. Hata huo ni mzigo mkubwa kwa kamshafti ambayo haijazoea. Wenye busara huzitoa springi za ndani, wakaizoesha kamshafti kwa zile za nje peke yake, kisha wakazirudisha. Ni kazi ya kuchosha, kwani yapasa kujaza hewa ya kompresa ndani ya silinda moja baada ya nyingine ili valvu zisidondoke wakati springi zinapobadilishwa. Wengi huiruka. Mimi nimeshuhudia matokeo ya kuiruka katika gereji moja jijini Nairobi, na nakiri kwamba sikuona mtu akicheka siku hiyo.

Jambo la tatu ni kuipa injini oili kabla haijawashwa. Katika Chevrolet pampu ya oili huzungushwa na distribyuta, na kwa hiyo mtu anaweza kuiondoa distribyuta, akateremsha fimbo ndefu hadi kwenye pampu na kuizungusha kwa drili ya umeme, mwelekeo wa akrabu za saa. Lakini kuna mtego. Mwili wa distribyuta hiyo ndio unaoziba sehemu ya njia ya oili inayokwenda kwenye tapeti za upande wa kulia. Ukitumia fimbo tupu, oili itamwagika mle ndani na upande mmoja utabaki mkavu hata kama geji inaonyesha shinikizo zuri. Mafundi wa siku nyingi huchukua distribyuta mbovu, wakasaga meno ya gia yake na kuitumia kama kifaa cha kazi hiyo. Drili izungushwe hadi oili ichuruzike kwenye roka zote 16, huku kranki ikizungushwa kwa mkono kidogo kidogo. Katika injini za Ford za silinda nane kama ile ya inchi 302, drili huzungushwa kinyume cha akrabu za saa.

Sasa tufike kwenye oili yenyewe, mada ambayo imezua mabishano mengi kuliko zote. Kinga ya kamshafti bapa ni kemikali yenye zinki na fosforasi, ambayo imetiwa katika oili za injini tangu katikati ya karne iliyopita. Tatizo ni kwamba fosforasi huharibu kifaa cha kusafishia moshi kilichofungwa katika ekzosi za magari ya kisasa. Kwa sababu hiyo viwango vya Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, vimekuwa vikiipunguza. Daraja la SM lililoanza mwaka wa 2004 liliweka kikomo cha asilimia 0.08, sawa na sehemu 800 kwa milioni, ilhali wajenzi wa injini za tapeti bapa hutaka sehemu 1,200 au zaidi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa kikomo hicho hukusudiwa oili nyepesi, kama vile 5W-30 na 10W-30. Oili nzito, ikiwamo 20W-50 iliyozoeleka sana humu nchini, haikufungwa na kikomo hicho, ingawa hilo si hakikisho kwamba kila mtengenezaji ameiongeza kemikali hiyo. Njia ya salama ni kununua oili ya madini iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuzoesha injini. Oili ya sintetiki yenye vilainishi vingi ingoje. Huteleza mno kwa ringi mpya za pistoni, ambazo nazo zinahitaji msuguano kidogo ili zikae. Na usinunue kopo kwa sababu ya bei yake tu. Biashara ya oili bandia ni ya kweli, na sheria ya mwaka wa 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi haijaufanya macho ya mnunuzi kuwa ya bure.

Kosa linaloua kamshafti nyingi zaidi ni kuzungusha stata kwa muda mrefu. Kila mzunguko wa stata hukwangua ule uji mweusi uliopakwa bila kuleta oili mpya. Kwa hiyo injini inapaswa kuwaka mara moja, na hilo hutegemea maandalizi. Taimingi ya cheche ipangwe injini ikiwa imesimama, silinda ya kwanza ikiwa juu katika mpigo wa kugandamiza, si katika mpigo wa kutoa moshi. Aliyekosea hapo atakuwa amepishana nusu mzunguko wa distribyuta, na injini itatema moto kupitia kabureta. Nyaya za plagi zifuate mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Vibakuli vya kabureta vijazwe petroli kwa mkono. Redieta ijazwe maji na hewa itolewe. Betri iwe imejaa chaji, na ikiwezekana feni kubwa ya umeme isimamishwe mbele ya redieta, kwani gari litanguruma nusu saa bila upepo wa barabarani. Kizima-moto kiwe karibu. Gari liwe nje au mahali penye hewa, maana moshi huo huua.

Wakazi wa Nairobi wanakabiliwa na jambo jingine. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba. Kabureta iliyotoka dukani ikiwa imepangwa kwa ajili ya pwani itatoa petroli kupita kiasi. Petroli hiyo husafisha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye karai la oili, ambamo huichanganya na kuifanya kuwa nyepesi. Wakati wa kuzoesha kamshafti ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuwa na oili iliyopungua nguvu, kwa hiyo jeti za kabureta zibadilishwe mapema.

Injini ikiwaka, isiachwe ingurume polepole hata kwa dakika moja. Ekseleta ivutwe mara moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha ipandishwe na kushushwa polepole kati ya 2,000 na 2,500 kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Watu wengi hushangaa, kwa kuwa akili ya kawaida inasema kitu kipya kishikwe taratibu. Lakini katika bloku ndogo nundu hazina mfereji wake wa oili. Hutegemea oili inayorushwa na kranki inapozunguka, na kranki inayokwenda polepole hairushi oili ya kutosha. Aidha, katika mwendo wa chini ncha ya nundu hubeba mkazo wote wa springi. Mwendo unapoongezeka, kasi ya tapeti yenyewe hupunguza sehemu ya mzigo huo pale juu ya ncha, na utando wa oili huwa mnene zaidi. Kupandisha na kushusha mizunguko hubadilisha pembe ambayo oili hurushwa, ili kila nundu ifikiwe.

Hesabu yake ni hii: kranki ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 1,000. Katika nusu saa kila nundu huwa imepita chini ya tapeti yake mara 30,000.

Ikiwa kuna hitilafu, kwa mfano maji yanavuja, joto linapanda au geji ya oili imeshuka, zima injini papo hapo. Usiishushe hadi ingurume polepole ili uchungulie. Rekebisha, kisha washa na upandishe tena mizunguko mara moja. Dakika zilizopita hazipotei, zinahesabiwa. Bomba za ekzosi zikigeuka nyekundu, aghalabu taimingi imechelewa, na yafaa isogezwe mbele. Wengine huviacha vifuniko vya roka wazi kwa sekunde chache za kwanza ili waone kama fimbo zote zinazunguka, kwa kuwa tapeti inayozunguka huizungusha na fimbo yake. Oili itawarukia, lakini ni afadhali kufua ovaroli.

Dakika zikitimia, zima, acha injini ipoe, kisha mwaga oili yote na utoe chujio. Chujio hilo lisitupwe. Lipasue kwa kifaa kisichotoa chembe za chuma, tandaza karatasi yake juani na uitazame. Ung'avu kidogo wa kijivu na mabaki ya ule uji mweusi ni kawaida. Vipande vinavyong'ata sumaku si kawaida. Baada ya hapo weka oili mpya na chujio jipya, rudisha springi za ndani ikiwa uliziondoa, na kwa tapeti zisizo za haidroliki pima upya nafasi kati ya roka na valvu. Nafasi iliyopanuka kwa valvu moja tu, huku nyingine zikibaki kama zilivyokuwa, ni dalili ya nundu inayolika. Ringi za pistoni huzoeshwa baadaye barabarani, kwa kukanyaga ekseleta gari likiwa na mzigo kisha kuiachilia. Oili ibadilishwe tena baada ya kilomita 800 hivi.

Wenye magari ya kawaida ya kisasa wasiingiwe na hofu. Ford ilianza kutumia tapeti zenye gurudumu katika injini yake ya lita 5.0 mwaka wa 1985, na bloku ndogo ya Chevrolet ikafuata katika magari madogo mwaka wa 1987. Gurudumu hubingirika badala ya kusugua, na kamshafti yake haihitaji tambiko la nusu saa. Baadhi ya wenye injini za zamani sasa hulipa gharama ya kubadilisha kamshafti na tapeti zote kuwa za gurudumu, na ukiangalia bei ya kurudia kazi nzima, hawajakosea.

Walio na magari ya mashindano ya kumbukumbu, yale yanayoonekana katika East African Safari Classic iliyoanza mwaka wa 2003, hawana budi kujua injini yao ni ya kundi gani. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari mwaka wa 1971 na 1973, lina kamshafti juu ya kichwa cha silinda. Haina tapeti za kuzunguka, bali roka husugua juu ya nundu moja kwa moja, na alama ya msuguano lazima ikae katikati ya uso wa roka. Ford Escort RS2000 nayo ina injini ya lita 2.0 ambayo oili ya kamshafti yake hutoka katika bomba jembamba lenye vitundu. Bomba hilo huziba, na linapoziba kamshafti hufa. Anayeweka kamshafti mpya katika injini hiyo hununua pia roka mpya na bomba jipya kwa pamoja, kisha huzungusha injini bila plagi na bila kifuniko kwa muda mfupi ili ahakikishe kila kitundu kinatema oili.

Nundu ikishalika, gari huanza kugonga kwa mdundo mmoja usiokoma, na ikiwa ni nundu ya valvu ya moshi, injini hupiga chafya kupitia kabureta. Wapo wanaobadilisha kamshafti na tapeti peke yake na kuendelea na safari. Lakini unga wa chuma uliotoka kwenye nundu hiyo umekwisha kupita katika pampu, umejibandika kwenye beringi na kujificha katika mifereji ya bloku. Injini hiyo hufunguliwa yote, kranki ikatolewa, vizibo vya mifereji ya oili vikafunguliwa, na bloku ikasuguliwa kwa brashi ndefu na maji moto yenye sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe.